Nasaba ya Mpopla Mweusi

Katika jumba la Louvre mjini Paris imewekwa picha ya mwanamke anayetabasamu kidogo, na watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuitazama. Ni picha ya Mona Lisa, ambayo Leonardo da Vinci wa Italia alianza kuichora yapata mwaka 1503. Wengi waliopata kuiona hawajui kwamba imechorwa juu ya ubao, na kwamba ubao huo ulipasuliwa katika gogo la mti uitwao mpopla. Kwa mafundi wa Italia wa zama hizo jambo hilo halikuwa la ajabu hata kidogo. Mipopla iliota kando ya mito, mbao zake zilikuwa nyepesi, na bei yake haikuwa kubwa. Aliyetaka ubao mpana wa kuchorea hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Mipopla ni ya aina nyingi, na mmojawapo, uitwao mpopla mweusi, umekaa na watu wa Ulaya tangu kabla ya historia yao kuandikwa. Nataka kueleza hapa mambo yaliyoupata mti huo katika muda wa miaka 300 iliyopita: jinsi ulivyofikiwa na mgeni kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, jinsi ulivyozaa naye watoto chotara, na jinsi watoto hao walivyoenea hata mabingwa wa mimea wakaanza kuuliza kama mche uchipuao leo kando ya mto Rhine ni mjukuu wa mti wa kale, au ni kitu kingine. Neno chotara nalitumia kwa maana ya wakulima na wafugaji, wala hamna dharau ndani yake. Mkulima wa Kitale apandaye mahindi chotara anajua kwamba kwake hiyo ni sifa.

Kwanza yafaa tuujue mti wenyewe. Mpopla mweusi ni mti mkubwa, waweza kufikia urefu wa meta 30, na gome lake la zamani huwa jeusi, lenye nyufa na vinundu vikubwa. Makazi yake ni kingo za mito: Loire ya Ufaransa, Po ya Italia, Rhine, na Danube. Kama ulivyo mpapai, mpopla una dume na jike. Mti mmoja hutoa maua ya kiume tu, na mwingine hutoa maua ya kike. Baridi inapoanza kupungua, kabla majani hayajatoka, dume huning'iniza mikia ya maua mekundu, na upepo huchukua unga wake, yaani chavua, ukaupeleka kwa majike walio karibu na walio mbali. Majuma machache baadaye jike hupasua vidonge vyake, na mbegu ndogo mno hutoka zikiwa zimefungwa katika sufi nyeupe kama ile ya msufi wetu wa pwani. Huelea hewani, huanguka mtoni, na husafiri na maji.

Lakini mbegu hizo zina maisha mafupi. Baada ya siku chache nguvu yao ya kuota huanza kwisha. Tena haziwezi kuota kwenye nyasi wala kwenye kivuli. Zataka mchanga au changarawe tupu, yenye unyevu, iliyoachwa wazi na maji ya mafuriko yanayopungua. Basi mti huu hauwezi kuzaa kwa mbegu bila mto usiotulia. Mto unaohama, unaokata ukingo huku na kumwaga fungu la mchanga kule, ndio mkunga wake. Jambo hilo msomaji alikumbuke, kwa sababu ndiko yatakakorudi maelezo yangu yote.

Mti huo una njia ya pili ya kuongezeka. Tawi likivunjika na kufukiwa katika matope, laweza kutoa mizizi. Watu waliigundua siri hiyo zamani sana, wakawa wanaupanda mpopla kama sisi tunavyopanda muhogo: kukata kijiti, kukichomeka ardhini, na kungoja. Njia hiyo ni rahisi, ila ina matokeo ambayo hayaonekani mara moja. Vijiti 1,000 vilivyokatwa katika mti mmoja si miti 1,000 kwa hesabu ya nasaba. Ni mti ule ule mmoja, umesimama mahali 1,000. Ukiwa dume, yote ni madume. Ukiwa na ugonjwa, yote ina ugonjwa.

Mgeni alifika katika karne ya 17. Wafaransa waliokuwa wakifanya biashara na kujenga makazi katika Amerika ya Kaskazini walileta kwao miche na mbegu za miti mingi, na kati ya hiyo palikuwa na mpopla wa Marekani, wenye majani makubwa ya pembe tatu na mwendo wa kukua upesi. Ulipandwa katika bustani, karibu na mipopla myeusi. Hakuna mtu aliyeamuru yaliyofuata. Upepo ulifanya kazi yake, na kabla karne ya 18 haijapita sana, wenye vitalu vya Ufaransa waliona miongoni mwa miche yao mingine isiyofanana sawasawa na mama wala baba, nayo ilikua kwa haraka kuliko wote wawili. Mmoja katika machotara hao wa kwanza ulikuwa dume, ukapewa jina la Kilatini Serotina, yaani wa kuchelewa, kwa kuwa majani yake huchelewa kutoka. Ulikuwa umeshajulikana yapata mwaka 1750. Mwaka 1785 bingwa wa Kijerumani Conrad Moench aliwapa machotara jina la kitaalamu, Populus canadensis, na jina hilo lingali linatumika.

Wakati huo huo mti mwingine ulikuwa ukitembea Ulaya, huu ukiwa wa damu ya mpopla mweusi yenyewe, ila wenye umbo lisilo la kawaida. Katika nchi ya Lombardy, kaskazini mwa Italia, palitokea dume mmoja ambaye matawi yake yote yalielekea juu, hata mti mzima ukawa kama mkuki. Mabwana wenye mashamba makubwa waliupenda kwa uzuri wake. Mwaka 1758 Lord Rochford aliupeleka Uingereza. Mwaka 1784 William Hamilton aliufikisha Marekani. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alipofariki mwaka 1778, alizikwa katika kisiwa kidogo cha ziwa la Ermenonville kilichozungukwa na miti hiyo, na michoro ya kaburi lile ilienea Ulaya yote, ikazidi kuupa mti sifa. Kila mpopla wa Lombardy wa kiume uonekanao ukiwa umejipanga kando ya barabara, Ufaransa au kwingineko, umetokana na vijiti vya dume yule, nao hutoa chavua kila mwaka.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya viwanda, na viwanda vilitaka mbao. Mpopla ulitoa njiti za kiberiti, makasha ya matunda, karatasi, na kule Uholanzi mitalawanda ya wakulima. Wenye ardhi walianza kuuhesabu kama zao la shamba. Mchoraji Claude Monet alilijua hilo kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1891 alikuwa akichora safu ya mipopla kando ya mto Epte, mali ya kijiji cha Limetz, mara akasikia kwamba miti itapigwa mnada ikatwe. Ilimlazimu kumlipa mfanyabiashara wa mbao ili aiache isimame mpaka picha zitakapokwisha. Zilipokwisha, miti ikaanguka.

Zao la namna hiyo lilitaka mbegu bora, na mbegu bora ilikuwa chotara. Mwaka 1895, katika kitalu kimoja karibu na mji wa Metz, palionekana dume mnyofu na mwenye nguvu, akaitwa Robusta. Mwaka 1912, katika bustani ya Kew karibu na London, Augustine Henry, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa bwana wa misitu, alizalisha mipopla chotara kwa mkono wake badala ya kuuachia upepo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mwitalia Jacometti alipata chotara jike aliyeandikwa kwa namba tu, I-214, ambaye baadaye alijaza bonde la Po. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya ilipokuwa magofu na mbao zikiwa adimu, mataifa yaliunda Tume ya Kimataifa ya Mipopla mwaka 1947. Serikali zilihimiza upandaji, nao wenye ardhi waliitikia, maana mpopla chotara uliotunzwa vizuri huweza kukatwa kabla haujatimiza miaka 20, na katika bonde la Po hata kabla ya miaka 15. Sioni sababu ya kuwalaumu watu wale. Walihitaji paa na karatasi, na miti iliyowapa haja yao ilikuwa ile.

Lakini tuuangalie upande wa mto. Mwaka 1817 mhandisi Johann Gottfried Tulla alianza kazi ya kuunyoosha mto Rhine katika nchi za kusini za Ujerumani, kazi iliyoendelea miaka mingi baada ya kufa kwake, ikaufupisha mto kwa kilomita kama 80. Mito mingine nayo ilifungwa kwa matuta na mabwawa, na misitu ya kingoni ikafyekwa iwe malisho na mashamba. Mto uliofungwa haumwagi tena mafungu mapya ya mchanga. Mipopla myeusi mizee ilibaki imesimama, ikatoa maua na sufi kila mwaka, lakini mbegu ziliangukia majani na mawe ya kujengea kingo. Katika nchi kama Ubelgiji na Uholanzi miti hiyo ilipungua mpaka ikahesabika, na karibu na kila mmoja uliobaki palikuwa na mamia au maelfu ya machotara waliopandwa kwa safu.

Hapo ndipo swali la nasaba lilipoanza kuwa zito. Ikiwa jike mmoja mweusi amezungukwa na madume chotara 1,000, watoto wake ni akina nani? Na majike chotara je, wakipokea chavua ya dume mweusi mmoja aliyebaki, si watajaza mto kwa watoto ambao robo ya urithi wao ni ya Marekani? Kizazi baada ya kizazi, jeni za mgeni zaweza kupenya katika jamii ya mwenyeji mpaka pasiwepo mtu awezaye kusema mwenyeji ni yupi.

Wazee walitofautisha miti kwa macho: vinundu vya gome, umbo la jani, na hata uvimbe uliosokotwa kama skrubu ambao vidukari hutengeneza katika kikonyo cha jani la mpopla mweusi, lakini si kawaida kuuona kwa chotara. Alama hizo hufaa kwa mti mzima. Kwa mche wenye majani manne hazifai sana, na kwa chotara wa kizazi cha pili zinadanganya. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamekuwa wakisoma urithi wenyewe, ile DNA iliyomo katika chembe za mmea, na hapo mpopla umewapa msaada ambao si kila kiumbe hutoa. Urithi mwingi wa mche hutoka kuumeni na kukeni kwa pamoja. Lakini zile punje za kijani zilizomo ndani ya majani, zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea, zina urithi wake mdogo wa pekee, na katika mpopla urithi huo hutoka kwa mama tu. Mtaalamu akisoma sehemu zote mbili za mche mmoja, aweza kusema: huyu mama yake wa asili alikuwa wa Marekani, na baba yake mweusi. Ni kama kumwuliza mtoto ukoo wa kukeni, kisha wa kuumeni, na kulinganisha majibu.

Uchunguzi wa namna hiyo umefanyika kando ya mto Meuse katika mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, kando ya Rhine, kando ya Elbe na Eder za Ujerumani, kando ya Danube nchini Austria, na kando ya Loire. Machotara waliojiotea wenyewe wameonekana kweli. Kando ya Rhine ya Uholanzi miche ya namna mbili imekutwa ikigombea mchanga ule ule, mingine ya nasaba ya mpopla mweusi, mingine yenye alama za Marekani. Chavua ya mpopla wa Lombardy nayo imeacha watoto hapa na pale. Basi hofu haikuwa ndoto.

Hata hivyo, uchunguzi ulileta jambo lingine ambalo naliona kubwa zaidi. Jike mweusi si rahisi kumwoa. Akipewa chavua ya mpopla wa Marekani peke yake, mara nyingi mbegu hazikomai. Ndiyo sababu machotara wengi wana mama wa Marekani na baba wa Ulaya, wala si kinyume chake. Na majaribio ya kuchanganya chavua yameonyesha kwamba chavua ya mwenyeji na ya mgeni zikimfikia kwa pamoja, ya mwenyeji hushinda. Penye madume weusi wa kutosha karibu na jike, mbegu za kichotara katika mavuno yake huwa chache mno au hazipo kabisa. Mahali ambapo jike amebaki peke yake, bila dume wa kabila lake, ndipo chavua ya mgeni hupata nafasi. Tena majira ya maua hayalingani sawasawa kwa miti yote, na chotara wengi waliopandwa ni wa aina chache tu zinazorudiwarudiwa, nyingine zikiwa jike, nyingine dume, nyingine zisizozaa vizuri.

Kwa maoni yangu jambo hili linabadilisha namna ya kuisoma historia yote. Mgeni hakumwondoa mwenyeji kwa kumwoa. Mwenyeji alikwisha kunyang'anywa mto wake na wenzake, ndipo ndoa ikawa hatari. Kando ya Loire, ambako maji bado yana uhuru wa kuhamisha mchanga na ambako bwawa la Serre de la Fare lilifutwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1994 baada ya upinzani wa wananchi wa miaka kadhaa, mipopla myeusi ingali mingi sana, na jeni za wageni hazijapenya kwa wingi, ijapokuwa machotara wamepandwa katika mabonde yale kama penginepo.

Uingereza ilikuwa na hali mbaya kuliko hiyo, na hapa yaingia habari inayotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Edgar Milne-Redhead alikuwa bingwa wa mimea wa Kew. Yeye pamoja na W. B. Turrill walikuwa wahariri wa kwanza wa kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambacho sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 1952 na za mwisho mwaka 2012. Mwaka 1955 alikwenda Songea, akakusanya mimea huko pamoja na mwenzake Peter Taylor mpaka mwaka uliofuata. Mtu aliyezoea kutambua majani ya miombo alirudi kwao, akastaafu, na mwaka 1973 akaanza kuwaomba watu wa kawaida, walimu, wakulima na wapenzi wa mimea, wamsaidie kutafuta kila mpopla mweusi uliobaki Uingereza. Aliendelea hata mwaka 1988, na hesabu ilifika kama miti 1,000.

Baadaye watu wengine waliongeza hesabu hiyo, na siku hizi husemwa kuwa iko kama miti 7,000. Lakini majike katika hiyo ni kama 600 tu. Sababu yake ni ndogo hata inachekesha: sufi ya majike ilichafua nguo zilizoanikwa na kujaa katika mifereji, basi waliokata vijiti vya kupanda walichagua madume. Tena walikata vijiti hivyo katika miti michache. Katika mji wa Manchester maelfu ya mipopla iliyopandwa katika karne ya 20 ilikuwa dume mmoja, na ugonjwa wa ukungu ulipoingia yapata mwaka 2000, uliupata mti mmoja maelfu ya mara.

Machotara nao hawakusalimika na msiba wa aina hiyo. Miaka ya 1990 aina mpya ya kuvu wa kutu ilivunja kinga ya mpopla chotara ulioitwa Beaupré, ambao ulikuwa umependwa sana na kupandwa kwa wingi Ubelgiji na Ufaransa, na mashamba yakaharibika miaka iliyofuata. Mzalishaji wa miti akipatwa na jambo kama hilo hurudi porini kutafuta wazazi wengine wenye kinga nyingine, na mmoja wa wazazi hao ni mpopla mweusi. Asiyekuwa na mpopla mweusi wa nasaba mbalimbali hana pa kurudi. Ndiyo maana taasisi ya Geraardsbergen nchini Ubelgiji, iliyojulikana kwa kuzalisha machotara, imekuwa pia mahali pa kutunza na kuchunguza mti wa zamani. Na Wafaransa wameweka huko Guémené-Penfao shamba la vijiti vilivyokusanywa katika mito yao mingi. Mwaka 1994 nchi za Ulaya zilianzisha mpango wa pamoja wa kulinda urithi wa miti ya misitu, na mpopla mweusi ulikuwa miongoni mwa miti ya kwanza kupewa kamati yake.

Shamba la vijiti huhifadhi miti iliyokwisha zaliwa. Halizai mipya. Katika mwezi wa Desemba 1993, na tena mwezi wa Januari 1995, mito ya Meuse na Rhine ilifurika, na mara ile ya pili watu kama 250,000 wa Uholanzi walihamishwa makwao. Ilikuwa taabu kubwa kwa watu. Baada yake serikali zilianza kufikiri upya, zikaona kwamba mto uliobanwa hulipiza, na kwamba ni heri kurudisha matuta nyuma na kuuacha mto upanuke mahali penye nafasi. Kando ya Meuse kingo zilishushwa na kupanuliwa, mafungu ya changarawe yakarudi, na miche ya mipopla ikaonekana juu yake. Mipopla myeusi ya vitaluni ikapandwa karibu, madume na majike, ili pawe na chavua ya mwenyeji angani wakati maua yatakapofunguka. Mtu angefikiri kwamba ili kuilinda nasaba ya mti lazima mashamba yote ya machotara yang'olewe. Wataalamu hawakushauri hivyo. Walishauri jike asiachwe bila dume wa kabila lake, wenye mashamba wachague aina zisizozaa ovyo ovyo karibu na mito, na mto upewe mchanga wake.

Kenya nayo ina mpopla wake, ingawa Wakenya wengi hawaujui. Unaota kando ya mto Tana, na kidogo katika mito mingine ya nyanda kavu za mashariki, nao ndio mpopla wa asili ulio kusini kuliko mipopla yote duniani. Jamaa zake wengine wote ni wa upande wa kaskazini wa dunia, na ndugu yake wa karibu, mpopla wa mto Frati, yuko mbali sana, Afrika ya Kaskazini na nchi za Asia. Kuoana na jirani mgeni si shida yake. Kama hofu ya nasaba ingekuwa ndiyo hofu pekee, mpopla wa Tana ungekaa salama.

Lakini nao umeandikwa katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Mbegu zake, kama za binamu yake wa Ulaya, huota juu ya mchanga ulioachwa na mafuriko, na mafuriko ya Tana yamepungua tangu yajengwe mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linaloshika sehemu kubwa ya maji ya mvua za masika yaliyokuwa yakishuka mpaka kwa Wapokomo. Hifadhi iliyowekwa mwaka 1976 kwa ajili ya kima wa Tana ilikusudiwa kuukinga msitu wa kingoni usifyekwe. Haiwezi kuleta mafuriko. Mipopla mirefu iliyosimama huko leo, mingine ilichipua kabla ya bwawa la kwanza kufunga lango lake.